Mafuta ni ya Nani?

Mimi si mtazamaji mzuri wa televisheni. Sisi tuliokulia Tanzania Bara tulifika utu uzima bila kuwa na chombo hicho majumbani mwetu. Wenzetu wa Visiwani walikipata katika miaka ya 1970, sisi tukangoja hadi mwaka 1994. Macho yangu yalikwisha kuzoea kitabu kabla hayajaletewa kioo. Ndiyo maana hata leo, mzee wa miaka sabini na miwili, nikikaa mbele ya televisheni hukaa kama mwalimu mwenye rundo la madaftari: naona kosa, nanyanyua kidole, nasema kwa sauti, na walio karibu nami wanakoma kufurahi.

Mjukuu wangu anaijua tabia hiyo na ameivumilia tangu utoto. Anasomea jiolojia ya mafuta na gesi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipokuja kwetu Masasi kwa likizo, Agosti 2025, alimletea bibi yake kitenge, na mimi akaniletea flashi. Sikuuliza mchezo uliokuwemo aliupata wapi, maana nilijua jibu lisingenifurahisha.

"Babu," akasema baada ya salamu, "safari hii nimekuletea kitu cha kukosoa. Lakini nakuomba utazame mpaka mwisho ndipo useme. Hii ndiyo kazi nitakayokuja kuifanya mimi."

Mchezo wenyewe unaitwa Landman. Waliouanzisha ni Taylor Sheridan na Christian Wallace, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametoa masimulizi ya sauti juu ya maisha ya visimani huko kwao Texas. Ulianza kuonyeshwa Marekani Novemba 2024, na msimu wa kwanza una sehemu kumi. Mahali ni magharibi mwa Texas, katika bonde la Permian, eneo linalotoa mafuta mengi kuliko jingine lolote katika nchi ile. Mhusika mkuu ni Tommy Norris, anayechezwa na Billy Bob Thornton: mwanamume aliyekonda, mwenye madeni, aliyeachana na mkewe, anayevuta sigara moja hadi nyingine, na anayezungumza kama mtu ambaye hakulala tangu juzi.

Jina la mchezo ni jina la kazi yake, nami sina neno moja la Kiswahili la kuitafsiri. Ni mtu anayetumwa na kampuni kwenda kwa wenye ardhi, kutafuta nani hasa ana haki na kilichomo chini, kisha kuikodi haki hiyo kwa mkataba. Ukimwita dalali utakuwa hujakosea sana, ila madalali wetu wa viwanja hawapigiwi simu usiku wa manane kisima kinapolipuka.

Mchezo unaanza na Tommy amefungwa kwenye kiti, kichwa kimefunikwa gunia, mbele ya wauza dawa za kulevya. Ardhi ya juu ni yao. Kilichomo chini kimekodiwa na kampuni anayoitumikia. Na mtu huyu, akiwa hana hata macho ya kuwatazama, anawapa somo la sheria ya mali. Hapo nilinyamaza kabisa, kwa sababu lile somo ni la kweli. Kwa sheria ya Texas ardhi ina ngozi na ina tumbo. Ngozi yaweza kuwa ya mtu mmoja na tumbo likawa la mwingine, na likitokea la kugombania, mwenye tumbo ana nguvu kuliko mwenye ngozi: akitaka kupita ili achimbe, atapita. Mkulima anaweza kulima shamba la babu yake maisha yake yote, na asubuhi moja akaona mtambo umesimama katikati ya mimea, kwa kuwa babu yuleyule aliuza tumbo la ardhi miaka sitini iliyopita na kubakiza ngozi.

Nikamwambia mjukuu wangu, hapa pana jambo kubwa. Ngoja tuone kama wataliuliza.

Msomaji wa rika langu atakuwa amekwisha kuukumbuka mchezo mwingine wa mafuta, nao ni Dallas. Mimi niliuona Uingereza. Mwaka 1980 nilikuwa mkufunzi kijana, nikapata nafasi ya masomo ya mwaka mmoja huko, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Jioni ya Jumamosi, Novemba 22, bibi yule alinigongea mlango. Alisema si vizuri mtu kukaa peke yake siku kama ile. Nikadhani kuna msiba. Kumbe ilikuwa siku ya kutajwa aliyempiga risasi J. R. Ewing, na zaidi ya watu milioni 20 wa nchi ile walikuwa wamekaa kungoja jambo hilohilo. Nikakaa nami, na sahani ya biskuti magotini.

Nakiri kwamba sikuwa na moyo mweupe siku ile. Nyumbani tulikuwa tumetoka katika vita vya Kagera. Pipa la mafuta ghafi, lililouzwa kwa dola tatu hivi mwaka 1973, lilikuwa limepita dola 30. Magari ya watu binafsi yalikuwa yamekatazwa kutembea Jumapili mchana ili kubana matumizi ya petroli, na mafuta ya taa yalipangiwa foleni. Na hapa mbele yangu palikuwa na ukoo mzima ulioishi kwa mafuta hayo lakini haukuyagusa wala kuyanusa. Katika Dallas visima havionekani sana. Huonekana simu, ofisi ya ghorofani, gilasi za pombe, na kifungua kinywa cha nyumba ya Southfork ambacho kila mara humalizika kwa mtu mmoja kuondoka mezani kwa hasira.

Hata hivyo, baada ya miaka mingi naona mchezo ule ulikuwa na kitu ambacho wakati ule sikukipa haki yake. Ulijua kwamba utajiri wa Ewing ulianza na dhambi. Mzee Jock na rafiki yake Digger Barnes walitafuta mafuta pamoja katika miaka ya 1930. Mmoja akawa tajiri, mwingine akafa maskini mlevi, na watoto wa Digger hawakukubali kamwe kwamba hilo lilitokea kwa bahati. Vurugu yote ya miaka kumi na mitatu, tangu 1978 hadi 1991, inatoka katika jeraha lile. Na J. R., ingawa watu walimpenda, hakuna aliyemwamini. Mtazamaji alijua anamtazama mwizi. Bibi mwenye nyumba yangu alimpigia makofi na kumlaani katika sentensi moja. Mchezo ulimwachia uhuru wa kuhukumu.

Sasa turudi kwa Tommy Norris.

Kwanza niseme palipo pema. Landman imetuonyesha kazi. Tunaona mabomba yakiunganishwa, minyororo, tope, mikono isiyo na vidole vyote. Sehemu ya kwanza kijana wa Tommy, Cooper, ameacha chuo na kuanza kibarua cha chini kabisa katika kundi la mafundi wenye asili ya Meksiko, watu wa ukoo mmoja, na kabla sehemu haijakwisha kisima kimelipuka na watatu kati yao wamekufa. Katika Dallas jambo kama hilo lingekuwa habari ya simu: mtu angeinua mkono wa simu, angekunja uso, angeuliza hasara ni kiasi gani. Hapa tunapelekwa hadi nyumbani kwa mjane. Mjukuu wangu aliniambia kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kazi yake ikiua mtu. Darasani, alisema, vifo vipo kwenye jedwali.

Lakini tazama jinsi vifo vile vinavyotumiwa. Waliokufa hatukuwajua, tulipewa utani wao kidogo na majina yao. Anayebaki ni kijana mweupe, mtoto wa bosi, na kuanzia hapo mauti ya wenzake yanakuwa shule yake: anakua, anakuwa mwanamume, anampenda mjane wa mmoja wao. Na juu kabisa yupo mwenye kampuni, Monty, tajiri wa kutupwa, ambaye moyo wake unamsumbua na ambaye kazi inamuua polepole hadi msimu unapokwisha. Kwa hiyo kibarua anakufa kwa mafuta na tajiri naye anakufa kwa mafuta. Ukiutazama haraka utasema, kumbe wote ni wahanga. Hiyo ndiyo siasa ya mchezo huu, na imepitishwa bila mtu yeyote kutoa hotuba. Inakufanya usahau kuuliza tofauti ya mirathi ya hao wawili.

Kuhusu wanawake nitasema machache. Mke wa zamani wa Tommy na binti yake wameandikwa kana kwamba mwandishi hajapata kukaa na mwanamke mezani akamsikiliza. Binti ana miaka kumi na saba, na mambo anayowekewa kinywani mbele ya baba yake yalinifanya nimwombe mjukuu wangu apeleke mbele. Alipeleka mbele. Tulipeleka mbele mara nyingi. Sisemi haya kwa kuwa mimi ni mzee wa Kimwera asiyejua dunia. Nimelea mabinti watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga kiasi hicho kwa ajili ya kuwachekesha wanaume.

Nije kwenye sehemu ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kampuni imeleta mwanasheria kutoka mjini, Rebecca, msichana mwerevu mwenye ulimi mkali. Tommy anampeleka jangwani, wanasimama chini ya mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme wa upepo. Msichana anashangaa kwamba watu wa mafuta wanatumia nishati safi. Na hapo Tommy anaanza. Nimeisikiliza hotuba ile mara nne, naweza kukueleza ilivyokaa. Anamwambia kwamba mitambo ile inaendesha visima, kwa sababu umeme wa gridi haujafika pale. Kwamba chuma chake, saruji yake, na mafuta ya kulainishia vyuma vyake vyote vimetokana na mafuta ghafi au vimechomwa kwa mafuta. Kwamba katika uhai wake wote wa miaka ishirini mtambo mmoja hautafidia hewa chafu iliyotokana na kuutengeneza. Kisha anataja vitu tunavyovitumia tangu asubuhi hadi usiku, vipodozi, friji, kasha la simu, hata vali za moyo, na kumalizia kwamba hakuna anayejua tutaishije siku vitakapokosekana.

Nilitikisa kichwa kukubali. Naam, mimi mwenyewe. Nilifikiria hata neno letu "mafuta", ambalo ni la kupikia, la taa, la gari na la kujipaka baada ya kuoga, nikaona kana kwamba Kiswahili kilikuwa kimemtangulia yule Mtexas. Mjukuu wangu naye alikuwa amesimama. Alisema, "Umeona, babu! Hivyo ndivyo tunavyopaswa kuwajibu."

Umeme ukakatika. Sisemi kwamba ni ishara, kwetu hukatika. Lakini tukakaa gizani karibu saa nzima, na tochi ya simu yake iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, nami nikapata nafasi ya kuifikiria hotuba bila uso wa msemaji.

Nikamwuliza: hilo la miaka ishirini, ni kweli? Akanyamaza. Ni kijana mkweli, na tangu mdogo hajui kunidanganya. Akasema hapana, si kweli, walikwisha kulisoma. Mtambo wa upepo ukiwekwa mahali penye upepo wa kutosha hurudisha nishati iliyoutengeneza katika muda usiozidi mwaka mmoja hivi, na iliyobaki ni faida. Na Texas yenyewe, nchi ya Tommy, ndiyo jimbo linaloongoza Marekani nzima kwa umeme wa upepo, nao mwingi wake unawasha nyumba za watu.

"Basi kwa nini ulisimama?"

"Kwa sababu anasema vizuri, babu."

Jibu hilo lilinipa kazi. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwafundisha kwamba hotuba ya uongo mtupu haina hatari kubwa. Yenye hatari ni ile ambayo ukiivunja unakuta sehemu mbili ni za kweli. Ni kweli tumefungwa na mafuta mikono na miguu. Ni kweli hatutajifungua kwa mwaka mmoja, na anayesema vinginevyo hajawahi kupanda basi la kutoka Masasi kwenda Dar es Salaam. Katikati ya kweli hizi mbili pamewekwa kauli moja isiyo kweli, nayo ndiyo iliyobeba hitimisho. Hitimisho lenyewe halikutamkwa: kwamba basi hakuna wa kuulizwa.

Na tazama ujanja wa jukwaa. Rebecca, ambaye katika kila tukio jingine ana jibu kabla hujamaliza swali, hapa amenyimwa jibu. Kisha, hotuba inapomalizika, anatokea nyoka. Nyoka wa kweli, wa jangwani, mwenye sumu. Msichana anaganda, na Tommy anamkata kichwa kwa koleo. Mdahalo umefungwa na nyoka: ni nani atakayemsikiliza mtu asiyejua hata pa kukanyaga, dhidi ya mtu aliyemwokoa? Ningekuwa nasahihisha, ningemnyang'anya mwandishi nusu ya alama hapo. Si kwa maoni yake, maana kila mtu ana haki ya maoni, bali kwa kumwogopa mpinzani aliyemuumba mwenyewe.

Kuna jambo la nje ya mchezo ambalo mtazamaji hana budi kulijua. Chama cha makampuni ya mafuta na gesi ya Marekani kilinunua nafasi za matangazo katika mchezo huohuo. Sidai kwamba Sheridan alilipwa aandike hotuba. Sina ushahidi na sidhani. Nasema tu kwamba Ewing hawakupata kuwa na sababu ya kutangaza biashara katikati ya Dallas. Ni nani angenunua kitu kwa jina la J. R.? Tommy anaweza kuuza chochote, kwa sababu yeye si mwizi. Yeye amechoka, na uchovu wa mtu mwema hufanana sana na ukweli.

Hapo ndipo nikalikumbuka lile swali la mwanzo, la ngozi na tumbo, nikaona kwamba sehemu kumi zilipita bila kuulizwa. Katika Landman mafuta ni ya yule mwenye karatasi na ujasiri. Dola ipo kwa namna ya sherifu, rafiki wa Tommy, na kwa namna ya taratibu zinazokera. Mchezo unafanya ionekane kwamba Texas nzima iko hivyo tangu Mungu alipoiumba, na hili nalo si kweli. Katiba ya jimbo lile, ya mwaka 1876, ilitenga ardhi ya magharibi kwa ajili ya chuo kikuu cha umma. Ilikuwa ardhi kame, isiyo na thamani kwa wakati ule; nadhani wapo waliocheka. Mei 28, 1923, kisima kilichoitwa Santa Rita kikafoka mafuta juu ya ardhi hiyohiyo. Leo chuo kikuu kina zaidi ya ekari milioni 2 katika bonde lilelile anamozunguka Tommy na gari lake, mapato ya visima yanawekwa katika mfuko wa kudumu wenye makumi ya mabilioni ya dola, na mtambo wa zamani wa Santa Rita umesimamishwa katika viwanja vya chuo huko Austin ili wanafunzi wapite waione karo yao inatoka wapi. Magharibi mwa Texas! Bila hata msoshalisti mmoja! Mwandishi aliyeijua nchi ile kiasi cha kuonyesha namna ya kuunganisha mabomba hakukosa kulijua hili. Halikumfaa tu.

Mjukuu wangu aliuliza kama ningependa mchezo ambamo Tommy anahutubia juu ya katiba. Tulicheka. Kisha akasema neno lililonichoma, ingawa alilisema kwa wema: "Babu, wewe unamkasirikia Tommy kama mtu unayemjua."

Namjua.

Mwaka 2013 ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu mkoani Mtwara. Msomaji atakumbuka hali ya mkoa wetu wakati ule. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Watu walikaa nayo miaka thelathini kama habari njema isiyofika. Ndipo likaja bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Desemba 2012 watu waliandamana mjini Mtwara. Januari palichomwa ofisi na nyumba, hata hapa Masasi, na watu walikufa. Mwezi Mei palichafuka tena, jeshi likaletwa.

Baada ya vurugu za Januari niliwakusanya wanachuo ukumbini. Niliamini kila nilichosema, na mengi ya niliyosema yalikuwa sahihi. Nilivua miwani. Niliwaambia kwamba nazungumza kama mzazi, si kama mkuu. Niliwaeleza kwamba kwetu ardhi haina wenye tumbo mbalimbali. Kwamba kwa sheria ya mwaka 1980, mwaka uleule niliokuwa nakula biskuti mbele ya Dallas, petroli na gesi yote iliyomo chini ya nchi hii ni mali ya Jamhuri. Kwamba dhahabu ya Geita nayo imekwenda kwa wote. Kwamba taa wanazosomea zinawashwa kwa fedha za mikoa mingine. Nilisema taifa ni kama kaya, na chungu ni kimoja. Nilikuwa nimechoka kwelikweli, sikulala siku tatu, na sauti yangu ilikuwa ya chini. Ukumbi ulitulia.

Kisha kijana mmoja wa mwaka wa pili, aliyekaa karibu na dirisha, akanyosha mkono. Hakuwa mtukutu. Alisimama vizuri, akasema, "Mheshimiwa Mkuu, tumekubali ni ya wote. Bomba likishapita, hapa kitabaki nini cha kuonyesha kwamba gesi ilitoka hapa?"

Sikuwa na jibu. Na mtu wa cheo akikosa jibu mbele ya watu mia nne hutafuta nyoka. Nilisema, "Litabaki shimo, na wewe utakuwa mwalimu wa jiografia wa kuwaeleza watoto lile shimo ni la nini."

Walicheka wote. Walicheka kwa nguvu, maana walikuwa na hofu kwa wiki nzima na walihitaji kucheka. Yule kijana naye alitabasamu, akakaa. Nikavaa miwani, nikafunga mkutano, na siku ile wakufunzi wenzangu walinipongeza kwa kutuliza chuo. Hatukupoteza mwanachuo hata mmoja katika vurugu za mwaka ule, na hilo namshukuru Mungu.

Lakini swali lilikuwa swali zuri. Hakuikana Jamhuri, hakusema gesi ni ya Wamakonde na Wamwera. Aliuliza kile walichokiuliza Watexas wa mwaka 1876 juu ya jangwa lao, wakaandika na jibu. Sheria zetu zilizofuata, ile ya petroli ya mwaka 2015 na ile ya mwaka 2017 juu ya mamlaka ya nchi kwa mali yake ya asili, zimekaza zaidi kwamba utajiri huu ni wa wananchi, umewekwa amana. Ni sawa, ndivyo nilivyofundisha na ndivyo ninavyoamini mpaka sasa. Mwenye mali amejulikana. Lile la kitabaki nini lilikuwa swali la pili, nami nilijifanya ni lilelile la kwanza. Laiti ningesema, "Kijana wangu, sijui, hebu tulijadili," tungekuwa na saa mbili za somo ambalo hakuna kitabu cha mtaala kilichokuwa nalo. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu, nafuga kuku.

Nilimsimulia mjukuu wangu haya usiku uleule, umeme ukiwa umerudi na picha ya Tommy imesimama kwenye kioo cha laptopu, mdomo wazi. Hakunihukumu. Aliuliza kitu kimoja tu: yule mwanafunzi aliitwa nani?

Nakumbuka shati lake na dirisha aliloketi karibu nalo. Nakumbuka hata kwamba alikuwa na mwandiko mzuri. Jina limenitoka.

Msimu wa pili wa Landman ulianza Novemba 2025, na mjukuu wangu ameahidi kuuleta. Tumepatana kwamba safari hii yeye ndiye atakayekuwa na kalamu. Mimi nimemwandikia mkufunzi mmoja aliyebaki chuoni, nikimwomba anitafutie daftari la mahudhurio la mwaka wa pili, Januari 2013, kama mchwa hawajalimaliza. Bado sijapata jibu.